Noeli ya kitabu: karamu ya watoto na dirisha la Nicolas

Desemba ndiyo hii, mvua ndiyo hii, na maswali ya watoto yameshaanza: "Mama, Noeli tutavaa nini?" Kila mzazi anajua swali hilo linavyochoma. Kule kwetu Fizi, Uvira, Kalemie, Noeli na Bonane maana yake ilikuwa nguo mpya. Hata asiye na kitu alihangaika mtoto apate japo kaptula ya mtumba iliyopigwa pasi, kwa sababu aliyekwenda kanisani na nguo za kila siku alichekwa mpaka shule zifunguliwe. Hapa kambini nguo zenyewe ni za bahati, lakini kicheko cha watoto kimevuka ziwa pamoja nasi.

Basi katika toleo hili tunataka kuwasimulia karamu ambayo sisi wazazi wa kijiji kimoja hapa Nyarugusu tuliifanya Desemba 2022, tukairudia 2023 na 2024. Tunaiita Noeli ya kitabu. Inachaguliwa hadithi moja. Kila anayekuja, mkubwa kwa mdogo, anakuja amevaa kama mtu wa kwenye hadithi hiyo. Hadithi inasomwa na kuchezwa, na kabla ya uji kila mmoja anatoa kitu kwa ajili ya jirani mwenye shida. Wengi mmetusimamisha njiani, kwenye bomba na kwenye foleni ya mgao, mkitaka kujua inavyofanyika. Tutawaeleza, pamoja na pale tulipokosea, maana tulikosea sana.

Faida ya kwanza tuliiona palepale. Mtoto aliyevaa gunia na ndevu za katani hawezi kuchekwa kwamba hana shati jipya. Wote wamevaa maboksi, magunia, vitenge vya mama zao na majani ya migomba. Mwenye nguo mpya atazivaa kanisani tarehe 25. Siku ya karamu hata yeye analilia gunia.

Kuchagua hadithi

Hapa tulibishana majuma mawili. Mwalimu mmoja alileta kitabu cha Mwingereza Charles Dickens, kilichotoka London Desemba 1843, ambacho waliosoma Kifaransa wanakijua kama Un chant de Noël. Ni habari ya tajiri bahili, Scrooge, anayembania karani wake hata makaa ya kuota moto, mpaka usiku wa Noeli anajiwa na mizimu na kugeuka kuwa mtu mwema. Dickens alijua anachokiandika. Alipokuwa na miaka 12 tu baba yake alifungwa kwa deni, na yeye mwenyewe akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu, akibandika karatasi kwenye makopo kutwa nzima.

Kitabu ni kizuri mno. Lakini tulipojaribu kuwasomea watoto jioni moja, pale marehemu anapoingia chumbani akiburuta minyororo, wadogo wawili walianza kulia, na mmoja mama yake alituambia hakupata usingizi usiku kucha. Kuna watoto hapa ambao habari ya waliokufa kurudi usiku si mchezo kwao. Tukakifunga. Wa sekondari wakisome wenyewe.

Mzee mmoja akasema, kwa nini tusichukue ngano zetu, Sungura na Fisi? Tukazipitia moja baada ya nyingine, tukicheka. Kumbe katika zote tulizozikumbuka, Sungura hajawahi kumpa mtu kitu. Anachukua tu.

Ndipo akina mama waliosoma kwa masista wakamkumbuka Saint Nicolas, wa tarehe 6 Desemba. Desturi hiyo ililetwa Kongo na Wabelgiji, ambao kwao ndiyo sikukuu kubwa ya watoto. Nicolas alikuwa askofu wa mji wa Myra, katika karne ya 4, pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Waholanzi wanamwita Sinterklaas, na kutoka kwenye jina hilo ndipo Wamarekani walipopata Santa Claus, huyu Papa Noeli wenu mwenye ndevu na nguo nyekundu. Mengi yanayosimuliwa juu yake ni masimulizi ya miaka ya baadaye, lakini hili la mabinti watatu ndilo tulilolichagua.

Palikuwa na baba mmoja aliyekuwa na mali, kisha akafilisika. Alikuwa na mabinti watatu. Desturi ya kule ilikuwa kwamba msichana haolewi bila wazazi wake kutoa mali, na baba huyu hakuwa na kitu. Ilibaki kuwauza, au kuwaacha waende kwenye kazi ya aibu. Nicolas, wakati huo kijana aliyerithi fedha za wazazi wake, akasikia. Angeweza kugonga mlango mchana na kumpa yule baba fedha mbele ya majirani. Hakufanya hivyo. Alikwenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaondoka. Binti mkubwa akaolewa. Akarudi usiku mwingine kwa ajili ya wa pili. Mara ya tatu yule baba alikaa macho, akamkimbilia, akamkamata, akaanguka miguuni pake. Nicolas akamwomba jambo moja tu: asimwambie mtu wakati yeye angali hai.

Tunawaonya kitu kimoja. Karamu ya kwanza ilisimama karibu robo saa hapo kwenye ndoa. Binti mdogo aliuliza kwa sauti: "Sasa kwa nini baba wa msichana ndiye alipe? Si yeye ndiye wa kuletewa mahari?" Watu wakaangua kicheko, wazee wakaanza kubishana, na mama mmoja akapiga mikono: "Kumbe kuna nchi mtoto wa kike ni hasara!" Ilibidi papa mmoja asimame kueleza kwamba Ulaya ya zamani mali ilitoka upande wa bibi harusi. Lielezeni mapema, la sivyo mchezo unageuka kikao cha ukwe.

Jambo jingine. Katika desturi ya Ubelgiji, Saint Nicolas hufuatana na mtu anayeitwa Père Fouettard, mwenye masizi usoni na fimbo ya kuchapa watoto wabishi. Huyo hatukumwalika. Watoto wetu wameshawakimbia watu wenye fimbo, na habari ya mwema kuwa mweupe na wa kutisha kuwa mweusi hatuitaki kwenye turubai letu.

Kitabu chenyewe hatukuwa nacho, tukakitengeneza. Tulikata maboksi ya mafuta ya mgao kurasa nane, watoto wakachora kwa kalamu na mkaa, fundi cherehani akazishona kwa uzi wa magunia. Ni kikubwa kiasi kwamba watoto wawili hukishika na wa tatu anasoma, na walio nyuma kabisa wanaziona picha. Nyumba ya yule baba ni turubai lililotundikwa kwenye miti miwili, na dirisha limekatwa katikati. Mifuko ya dhahabu ni mabaki ya vitenge ya fundi. Mwanzoni tuliijaza maharage, lakini kila siku ya mazoezi ilizidi kuwa myepesi. Tukaweka kokoto.

Tulivyoharibu mwaka wa kwanza

Mwaka 2022 tulichangisha kama tulivyozoea kuona watu wakichangisha. Tuliweka meza, karani na daftari. Kila familia ilipoleta, jina liliandikwa na kusomwa: fulani, unga kilo moja, fulani, kipande cha sabuni. Watu wakapiga makofi, kwa kilo moja makofi mengi, kwa kipande cha sabuni makofi machache. Tulidhani tunawatia moyo. Kisha tukawaita mbele waliopewa, mmoja mmoja, watu wote wakiwatazama, na mmoja wetu akawapiga picha kwa simu.

Mama mmoja mzee anayeishi peke yake alipokea mfuko wake, akashukuru, akaenda zake. Juma lililofuata alimtuma mtoto wa jirani kuurudisha. Haukuwa umefunguliwa. Hakutuma neno lolote. Na kuna mvulana ambaye hakufika kabisa. Mama yake alituambia baadaye kwamba alijificha nyuma ya choo mpaka ngoma ziishe, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na kitu cha kusomwa mbele za watu.

Sisi tuliokuwa tumetoka kucheza hadithi ya mtu anayetoa usiku ndio tuliofanya hayo, saa hiyohiyo, mbele ya turubai hilohilo. Na sisi ni watu gani? Ni watu wa foleni. Tumeweka alama za vidole, tumeonyesha kadi, tumepigwa picha tukiwa tumeshika ndoo, tumeitwa majina kwa kipaza sauti. Tunajua kupokea kunavyokuwa. Tulitakiwa kuwa wa mwisho kumfanyia hivyo mwenzetu.

Tulikwenda kwa yule mama, wawili wetu, kuomba radhi. Alitukaribisha, tukaongea habari za mvua na za mihogo. Jambo lenyewe hakuligusa, na sisi hatukulilazimisha.

Dirisha

Mwaka 2023 tulichoma lile daftari. Wazo la dirisha lilitoka kwa vijana wanaocheza mchezo. Walisema, nyumba ya yule baba si tayari ina dirisha? Basi tukaweka kapu kubwa ndani ya turubai, dirisha tukalitundikia kanga kama pazia. Mchezo unapokwisha, kila mtu aliyekuja anapanga mstari, mkubwa na mtoto, anapitisha mkono chini ya pazia, anauachia huko ndani, anapita. Kila mtu. Mwenye kilo anapitisha mkono, mwenye kijiko cha chumvi anapitisha mkono, asiye na kitu anapitisha mkono mtupu, na wale watakaopewa nao wapo kwenye mstari uleule. Aliye nje haoni kilichoachwa. Ndani hakai mtu.

Ili pasiwe na unga wa kumwagika wala vifuko vya kulia-lia, kila familia hupewa mapema kifuko kidogo cha kitenge kama vile vya Nicolas. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo mabaki ya fundi yalituokoa mara mbili. Kifuko kinaingia kikombe kimoja cha nafaka, au kipande cha sabuni ya mche, au uzi na sindano. Hakizidi hapo. Tuliamua kiwe kidogo makusudi, mwenye duka asipate nafasi ya kushindana.

Mwaka huohuo 2023 mgao ulikuwa umepunguzwa, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tulipopita nyumba kwa nyumba kugawa vifuko, mama mmoja mwenye watoto sita alitutazama, akakitazama kifuko, akasema: "Nusu yangu imeshakatwa. Hii nusu nyingine nayo mmeifuata?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna jibu zuri. Tulimwambia aje tu watoto wafurahi, mkono mtupu unatosha. Akakaa kidogo, halafu akasema, "Unga sina. Kusuka ninajua."

Kwa maneno yake hayo tulianza kadi. Ni kipande cha karatasi chenye picha ya kazi ambayo mtu ataifanya bure: dumu la maji, kichwa kilichosukwa, ukuta wa kukandika, tita la kuni, paa la kuziba, barua ya kuandikiwa asiyejua kuandika. Asiyejua kuandika anachora. Mwaka ule kadi zilikuwa nyingi kuliko vifuko, na kuna mzee ambaye ukuta wake uliobomolewa na mvua ulikandikwa kwa siku moja na vijana ambao hajawahi kuwasalimia.

Lakini kadi zina matatizo yake. Watoto huahidi kwa furaha na kusahau kwa furaha vilevile. Bibi mmoja alingoja maji yake tangu Noeli mpaka baada ya Bonane. Siku hizi kadi ya mtoto haikubaliki bila alama ya mzazi wake kwa nyuma, na kazi inatakiwa iishe kabla shule hazijafunguliwa. Ndiyo, alama hiyo inapunguza siri, kwa maana kazi ya mikono haina namna ya kufichwa kabisa. Lakini aliyekandikiwa ukuta anaweza kesho akamsimulia kijana yule hadithi au kumwazima jembe, na hapo hakuna aliye juu ya mwenzake.

Kufikisha mlangoni

Hapa hadithi ya Nicolas ilitushinda. Mwaka 2023 tulitaka kufanya kama yeye: alfajiri, kabla watu hawajaenda bombani, vijana wawili wakatundika vifuko kwenye milango na kukimbia. Tulifurahi sana na ujanja wetu. Mchana tukasikia kwamba mzee mmoja amewamwagia kuku ule unga, na nyumba nyingine wameutupa chooni. Nani ale unga uliokutwa mlangoni, haujulikani umetoka kwa nani? Mnajua wenyewe hofu ya sumu ilivyo kwetu, ile wengine wanaiita karuho. Tulilizwa na chakula kilichopotea, lakini hatukuweza kuwalaumu. Hata sisi tungekitupa.

Basi tangu 2024 vinapelekwa mchana na mtu anayejulikana, mzee wa kijiji au mama wa kamati, naye anasema maneno machache tu: hiki kimetoka kwenye karamu ya watoto. Hakuna majina, hakuna picha, hakuna kusaini popote. Hatupeleki chakula kilichopikwa. Orodha ya nyumba inakaa kwa watu watatu, na kila mwaka watatu hao wanabadilishwa, maana manung'uniko ya upendeleo hayakosekani. Mwaka 2024 pia yalikuwepo. Watu waliuliza kwa nini nyumba fulani ilipata na ya pili yake haikupata, nasi tukanyamaza, kwa sababu kujibu kungekuwa kuitaja shida ya mtu.

Majirani zetu Waislamu wamekuja tangu mwanzo. Noeli si sikukuu yao, ndiyo maana tunafanya Jumamosi ya kabla ya Noeli, kwenye uwanja, si kanisani. Mzee mmoja wa msikitini alipoliona dirisha alicheka, akasema hili tunalijua. Akatukumbusha ile hadithi ya Mtume ya watu saba, ambayo ndani yake yumo anayetoa kwa siri mpaka mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Katekista akamjibu kwamba habari hiyohiyo ya mikono miwili imo katika Injili ya Mathayo, sura ya 6. Wakakaa wakiongea hivyo mpaka uji ukapoa. Kwa Idi ya Aprili 2024 waliazima turubai kwa sherehe ya watoto wao, na walilirudisha limefuliwa, jambo ambalo sisi hatujawahi kulifanya.

Mambo madogo ya jikoni

Anzeni saa nane mchana, mmalize saa kumi na moja, kila mtoto afike nyumbani kukiwa bado na mwanga. Uji wa kilo nne za unga kwenye lita 30 za maji ulitosha watoto kama 60. Pikeni kwenye jiko moja, kuni ni chache na akina mama wanajua kuni zinatafutwa wapi na kwa hatari gani. Mihogo ya kuchemsha inashibisha kuliko mandazi na haili mafuta. Kama kuna karanga, wapeni wanaocheza, wengine watavumilia. Kila mtoto aje na kikombe chake chenye alama, tulipoteza vikombe vingi mwaka wa kwanza na kesi zake zilifika mpaka kwa mwenyekiti.

Mvua isiwatishe. Mwaka 2024 ilinyesha katikati ya mchezo, tukaingia wote chini ya lile turubai, yule baba, mabinti, Nicolas na kapu, na sehemu ya mwisho ilichezwa hivyohivyo tumebanana. Mfuko wa tatu ulirushwa kutoka nje, haukupita dirishani, ukampata mwenyekiti wetu begani.

Kijiji kinachotaka kufanya mwaka huu kinakaribishwa kuazima kitabu, turubai na kofia ya askofu. Mje wawili, kitabu ni kizito, na mje na kitu cha kukifunika kama kuna mawingu. Mifuko ya kokoto imebaki miwili. Aliyechukua wa tatu atuletee kabla ya Jumamosi ya karamu. Auweke tu mlangoni, hatutamuuliza.